Jinsi ya Kusikiliza Mahojiano Marefu ya Watengenezaji wa Gemu na Kutoka na Kitu

Mahojiano ya saa mbili na mtu aliyetengeneza gemu huwa na dakika 15 au 20 za dhahabu, na dakika hizo hazipigiwi mbiu. Hupita katikati ya sentensi, mgeni akiwa anaeleza jambo jingine kabisa: "tukaona haifai, tukaitoa." Anayesikiliza huku akifanya kazi nyingine hataisikia. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza vipindi 50 vya aina hii na bado akashindwa kutaja jambo moja alilojifunza kuhusu namna gemu inavyotengenezwa.

Unachokitafuta ni uamuzi. Walikuwa na tatizo gani, walijaribu nini kwanza, nini kikawashinda, wakabaki na nini. Utoto wa mgeni, gemu alizozipenda shuleni na pongezi za mtangazaji vina utamu wake, lakini uamuzi ndio unaoweza kuupeleka kwenye gemu ukauona kwa macho. Mahojiano ni nusu ya kwanza ya kazi, gemu yenyewe ni nusu ya pili. Anayesikiliza asirudi kwenye gemu ameishia njiani.

Mtazame anayeuliza kabla ya anayejibu

Watu wengi huchagua kipindi kwa jina la mgeni. Hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu mgeni huyohuyo husema mambo tofauti kabisa kutegemea aliyeketi mbele yake.

Mtangazaji bora kwa shughuli hii ni mtengenezaji mwenzake. Podikasti ya Designer Notes huendeshwa na Soren Johnson, aliyekuwa mbunifu mkuu wa gemu ya Civilization IV (2005). Humchukua mgeni gemu baada ya gemu, kuanzia alizocheza utotoni hadi alizotengeneza ukubwani, na mara nyingi mazungumzo hugawanywa sehemu mbili au zaidi. The AIAS Game Maker's Notebook, ya Academy of Interactive Arts & Sciences, nayo hutumia watengenezaji kama watangazaji; mmoja wao ni Ted Price, mwanzilishi wa Insomniac Games. Eggplant, iliyoanza kama podikasti ya kuichambua gemu ya Spelunky, huzungumzwa na wabunifu pia. Faida yao iko kwenye swali la pili. Mgeni akisema "tulibadilisha mfumo wa mapigano," mtengenezaji mwenzake atauliza ulikuwaje kabla ya hapo, na ni nani aliyepinga. Hasara ni kwamba huruka maelezo ambayo wote wawili wanayajua, nawe ukaachwa nyuma.

Mwandishi wa habari ni tofauti. Simon Parkin wa My Perfect Console humwomba kila mgeni achague gemu tano za kuwekwa kwenye mashine ya kufikirika. Muundo huo unakuonyesha ladha na maisha ya mtu kuliko ufundi wa kazi yake, lakini una wema mmoja mkubwa: mwandishi humsimamisha mgeni aeleze neno gumu. Kwa anayeanza, hilo lina thamani. Halafu kuna wanahistoria, kama Video Game History Hour ya Video Game History Foundation. Hawa huja na nyaraka, na swali lenye waraka nyuma yake humrudisha mgeni kwenye kilichotokea, badala ya hadithi aliyozoea kuisimulia.

Kama gemu husika umeshaicheza sana, anza na mtengenezaji mwenzake. Kama hujaicheza, anza na mwandishi wa habari.

Baada ya hapo tazama tarehe. Mahojiano yanayotoka wiki chache kabla au baada ya gemu kuingia sokoni ni sehemu ya kuiuza: mgeni ameshaelekezwa aseme nini, na mkataba wa usiri bado unamfunga. Yale ya miaka mitano hadi 15 baadaye, hasa kama ameshahama kampuni, ndiyo yenye uzito. Ulimi umelegea na kumbukumbu bado ipo. Baada ya miaka 30 ulimi huwa umelegea kabisa, ila kumbukumbu nayo imeanza kuchanganya mambo.

Cheza kwanza

Cheza gemu inayozungumziwa kwa muda usiopungua saa mbili kabla ya kubonyeza kitufe cha kusikiliza. Si lazima uimalize. Unachotaka ni mikono yako ikumbuke: kuruka kukoje, kamera inakaa wapi, wapi ulikwama, wapi ulianza kuchoka. Gemu nyingi za kurukaruka humruhusu mchezaji kuruka kwa fremu chache (picha moja moja zinazounda mwendo kwenye skrini) hata baada ya mguu kuacha ukingo. Mbunifu akilitaja hilo, aliyecheza atashtuka kwamba ndiyo maana alikuwa anaokoka pale ambapo alistahili kuanguka. Asiyecheza atasikia maneno tu yakipita.

Mashine ikikosekana, tafuta video ya mtu anayecheza bila kuzungumza na bila kukatakata picha. Tazama dakika 40 za mwanzo na 20 za katikati. Zile zenye vichekesho na maoni hazifai hapa, kwa sababu unakuwa umeazima macho ya mtu mwingine.

Kisha andika maswali matatu, na kila swali liwe na mahali pake ndani ya gemu. "Walipataje wazo?" ni swali ambalo kila mtangazaji huuliza na kila mgeni ana jibu lake la kukariri. "Kwa nini lifti ya hatua ya tatu inakwenda taratibu vile?" ni swali zuri, kwa kuwa lifti au mlango mzito mara nyingi umewekwa ili kuficha muda wa mashine kupakia sehemu inayofuata. Hata kama mtangazaji hataligusa swali lako, kulibeba kichwani kunakufanya usikie jibu linapopita kwa upande.

Tengeneza mipangilio

Unahitaji programu ya kusikilizia podikasti. AntennaPod inafanya kazi kwenye Android, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Overcast ni ya iPhone, na Pocket Casts ipo kwa pande zote mbili. Yoyote inatosha mradi ipakue faili, ikuruhusu kuweka kasi ya kila podikasti peke yake, ibadilishe sekunde za kurudi nyuma, na ionyeshe sura za kipindi pale zilipowekwa.

Kasi usizidishe 1.25 mara ya kwanza. Kwa kasi hiyo saa mbili zinakuwa dakika 96; kwa 1.5 zinakuwa 80. Dakika hizo 16 unazookoa unazilipia. Sikio linaweza kufuata kasi ya 1.5 bila shida, lakini mgeni anapoeleza jinsi adui alivyokuwa anazunguka nguzo, kichwa kinahitaji sekunde mbili tatu za kuichora picha hiyo, na kwa kasi ya 1.5 anakuwa ameshaingia kwenye jambo la pili. Kwa mgeni mwenye lafudhi usiyoizoea, au anayezungumza kupitia mkalimani, rudi kwenye 1.0.

Zima kipengele kinachokata kimya. Programu nyingi hukisifu kwa kuokoa muda, na kwa vipindi vya habari kinafaa. Kwenye mahojiano ya aina hii kinaharibu. Mtu akiulizwa kwa nini kiongozi fulani aliondoka katikati ya mradi, akanyamaza sekunde nne, kisha akajibu kwa sentensi moja fupi, zile sekunde nne ni sehemu ya jibu.

Weka kitufe cha kurudi nyuma kwenye sekunde 20 au 30 badala ya 10. Uamuzi hutambulika ukiwa umeshapita: unasikia "ndipo tukaitoa" na huna habari ni nini kilichotolewa. Sekunde 10 hazifiki mwanzo wa maelezo.

Ukikuta sauti ya mgeni iko sikio la kushoto na ya mtangazaji iko la kulia, hedifoni zako ni nzima. Kipindi kimerekodiwa kila mtu kwenye mkondo wake na hakikuchanganywa. Fungua mipangilio ya ufikivu ya simu na uwashe sauti ya mono, inayopeleka sauti zote kwenye masikio yote mawili. Tofauti kubwa ya nguvu ya sauti kati ya wawili hao hutibiwa na kipengele cha kukuza sauti ndani ya programu. Ukiongeza sauti ya simu yote, kicheko cha mtangazaji kitakuumiza masikio.

Kuhusu ukubwa wa faili, hesabu ni nyepesi. Faili ya kilobiti 128 kwa sekunde hula MB 57.6 kwa saa, na ya kilobiti 64 hula MB 28.8. Mahojiano ya saa mbili na nusu kwa ubora wa juu ni MB 144. Pakua, usisikilize moja kwa moja kutoka kwenye mtandao. Sababu si bando pekee. Podikasti nyingi huingiza matangazo wakati faili inapoombwa, kwa hiyo kipindi kilekile kinaweza kuwa kirefu zaidi ukikifungua mwezi ujao. Ulichokiandika kuwa dakika ya 47 sekunde 10 kitakuta mgeni akiwa kwenye habari nyingine. Faili iliyoko kwenye simu yako haibadiliki. Hata hivyo, kila unapoandika dakika, andika pia maneno matano au sita ya mgeni ya mahali hapo. Mwenzako mwenye nakala yenye matangazo tofauti atapapata kwa maneno, hata kama dakika zimesogea.

Mara ya kwanza sikia, mara ya pili andika

Mara ya kwanza sikiliza kipindi chote bila kuandika sentensi. Weka alama tu. Kama programu yako haina alama, andika dakika na neno moja: "31, kamera". Anayeandika sentensi nzima huku mgeni akiendelea hukosa sentensi mbili zinazofuata, na mara nyingi sababu ya uamuzi imo ndani ya hizo mbili. Kipindi kikizidi saa moja na nusu, kigawe siku mbili. Usikivu ukichoka, kila kitu huanza kusikika kama sifa.

Siku inayofuata rudia zile alama peke yake. Kwa kawaida zitakuwa 8 hadi 12, na nusu yake utazifuta papo hapo kwa kuwa zilikuwa kauli nzuri zisizo na kitu ndani. Kila iliyobaki iandikie kadi yenye mistari mitano: tatizo, walichojaribu, kilichoshindikana, kilichobaki kwenye gemu, na mahali ambapo mchezaji anaweza kukiona. Mstari wa tano ndio unaopima kadi. Ukiukosa, ulichonacho bado ni hadithi.

Mchoro husaidia kuliko maneno mgeni akiongelea mpangilio wa hatua. Chukua Spelunky ya Derek Yu. Eneo la mwanzo la gemu ile hujengwa juu ya gridi ya vyumba 4 kwa 4. Mchezaji huanzia safu ya juu, mlango wa kutokea uko safu ya chini, na kompyuta huchora kwanza njia inayopitika kati ya sehemu hizo mbili kabla ya kujaza vyumba vilivyobaki. Kusikia hivyo ni jambo moja. Simamisha kipindi, chora visanduku 16, pitisha kalamu kutoka juu hadi chini ukienda kushoto, kulia au chini tu, na mara moja utaona kwa nini mchezaji hawezi kufungiwa kabisa, na kwa nini vyumba vilivyo nje ya njia hiyo ndivyo vinavyoweza kuwa vigumu kufikika. Kisha cheza raundi tano ukihesabu vyumba.

Maneno yanayoteleza

Neno "bajeti" ndilo linalopotosha wengi. Mtengenezaji akisema hawakuwa na bajeti, anaweza kuwa anaongelea fedha, kumbukumbu ya mashine au milisekunde. Gemu inayokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 za kufanya kila kitu katika fremu moja: kusoma vitufe, kusogeza maadui, kuchora picha, kupiga sauti. Ikienda kwa fremu 30 inapata 33.3. Kwa hiyo "moshi ule ulikula bajeti yetu yote" haina uhusiano wowote na pesa. Zamani kumbukumbu ilibana zaidi: Atari 2600, mashine ya gemu ya nyumbani, ilikuwa na baiti 128 za RAM, baiti si kilobaiti, na mgeni wa enzi hiyo akisema hakukuwa na nafasi ya kuhifadhi alama za mchezaji wa pili, mwamini kwanza kisha hesabu.

"Tulikata" lina uzito tofauti kulingana na wakati. Kitu kilichokatwa kikiwa bado ni mchoro kwenye karatasi hakikumgharimu mtu. Kilichokatwa miezi mitatu kabla ya gemu kutoka kimeacha makovu: mlango usioelekea popote, mhusika anayetajwa asiyeonekana, muziki uliomo kwenye diski bila kuchezwa. Ukisikia "tulikata," swali lako ni lini. Mtangazaji asipouliza, tafuta makovu hayo mwenyewe.

Sikiliza pia "mimi" na "sisi". Mbunifu mkuu anayesema "nilitengeneza" kuhusu gemu ya watu 200 huenda hana nia mbaya. Ni njia ya mkato ya mdomo. Fungua MobyGames, hifadhidata iliyoanza 1999, utazame orodha ya waliohusika. Nani ametajwa kwenye kamera, nani kwenye uhuishaji? Orodha hizo nazo zina kasoro yake inayojulikana: studio nyingi ziliwaacha nje walioondoka kabla gemu haijatoka. Jina likikosekana, hiyo peke yake haithibitishi kwamba mtu hakufanya kazi hapo.

Na "kranchi", ile miezi ya kufanya kazi usiku na wikendi ili kuwahi tarehe. Wageni wengine huitaja kwa fahari, wengine kwa kuipitia haraka. Iandike kila inapotajwa, pamoja na muda iliodumu, kwa sababu ndiyo inayoeleza mambo mengi yasiyo na sababu ya kiubunifu. Hatua ya mwisho iliyo fupi na yenye maadui waliorudiwa mara nyingi huenda ni kazi ya kalenda tu.

Kauli moja, kuanzia sikioni hadi kwenye skrini

Space Invaders ilitoka 1978, kazi ya Tomohiro Nishikado wa Taito. Wavamizi ni 55, safu 5 za 11. Kadiri unavyowaua, waliobaki wanakwenda kasi zaidi. Maelezo ya Nishikado yanafahamika: mashine haikumudu kuwachora wote kwa haraka, wakipungua kazi inapungua, kasi inapanda, naye akaona inanogesha mchezo akaiacha. Kauli hii husimuliwa katika vipindi vingi, mara nyingi kwa sentensi moja ya namna hii: "kompyuta ilipumua, ikaongeza mwendo."

Andika kadi. Tatizo: prosesa ya Intel 8080 haiwezi kusogeza wavamizi 55 katika fremu moja. Kilichobaki: kasi inayopanda. Mahali pa kuona: kundi lenyewe linavyotembea.

Sasa fungua video ya mashine ya asili ya ukumbi wa michezo. Iwe ya fremu 60. Kwenye YouTube hiyo hupatikana kuanzia ubora wa 720p, na ukichagua wa chini unapoteza nusu ya fremu bila kujua. Simamisha, kisha tumia kibodi ya kompyuta: kitufe cha nukta kinasogeza fremu moja mbele, cha mkato kinarudisha moja nyuma. Bonyeza nukta taratibu, macho yakiwa kwenye wavamizi. Hawasogei pamoja. Katika kila fremu anasogea mmoja tu, kisha mwenzake, kama wimbi linalopita kwenye kundi. Wote 55 wanahitaji fremu 55 ili kundi lisogee hatua moja, yaani karibu sekunde 0.92. Wakibaki 10, hatua hiyo inachukua sekunde 0.17. Akibaki mmoja, anasogea kila fremu.

Hapo kauli imekunjuka. Kizuizi cha mashine ni cha kweli, na ndicho kilichozaa mpango wa kusogeza mmoja kwa fremu. Lakini kompyuta haikuongeza mwendo wowote. Skrini ilibaki kwenye mapigo yaleyale, na mgawanyo wa zamu ndio uliobadilika. Maelezo ya mdomo yalikuwa sahihi kwa jumla na yakateleza kwenye utaratibu, jambo linalotokea mno mtu anapofupisha kazi yake kwa ajili ya wasikilizaji.

Toleo unalolitazama lina maana. Ukijaribu haya kwenye toleo la Atari 2600, lenye wavamizi 36 na lililoandikwa upya kwa mashine nyingine, hutakuwa umeipima kauli ya Nishikado hata kidogo. Kila mara andika kwenye kadi ni toleo gani, la mashine gani, la mwaka gani. Gemu za sasa zinazorekebishwa kwa masasisho zinahitaji hata namba ya toleo, kwa kuwa kile ambacho mgeni anakizungumzia kinaweza kuwa kimeshaondolewa.

Hadithi tamu iangaliwe mara mbili

Kuna simulizi maarufu kwamba katika Civilization ya 1991, Gandhi, anayeiongoza India ndani ya gemu, alikuwa na kiwango cha uchokozi cha 1. Alipoingia demokrasia kiwango kikapunguzwa kwa 2, kikawa hasi, na kwa kuwa namba ilihifadhiwa kwenye baiti moja isiyojua hasi ikageuka 255, naye akaanza kurusha mabomu ya nyuklia. Inapendeza, ina hesabu ndani yake, na imetumiwa kufundishia programu. Sid Meier, aliyetengeneza gemu hiyo, aliandika katika kumbukumbu zake za 2020 kwamba hitilafu hiyo haikuwepo. Kilichoipa nguvu ni Civilization V (2010), ambamo tabia ya Gandhi ya kupenda nyuklia iliwekwa juu kwa makusudi. Watu wakaona Gandhi mkali kwenye skrini wakadhani wameona ushahidi wa ile ya zamani.

Simulizi ya aina hii hutambulika kwa dalili moja: inasimuliwa na wasiokuwepo. Kwa hiyo ukisikia kisa kitamu, uliza kama msemaji alikuwa kwenye chumba hicho au anarudia alichosikia. Tafuta kilichoandikwa wakati gemu inatengenezwa, kwa maana mahojiano ya gazeti la mwaka uleule hushinda kumbukumbu ya miaka 25 baadaye kwa tarehe na majina. Na kama jambo linaweza kupimwa kwenye gemu, lipime. Mikutano ya GDC (Game Developers Conference), inayowakutanisha watengenezaji wa gemu, inasaidia sana hapa: mihadhara yake mingi ya watengenezaji kuchambua kazi yao wenyewe, pamoja na picha za michoro ya awali, iko wazi kwenye chaneli yake ya YouTube. Mtu akiwa mbele ya wenzake wa fani huwa mwangalifu kuliko akiwa kwenye maikrofoni ya podikasti.

Maandishi na mkalimani

Nakala ya maandishi inasaidia, hasa kutafuta neno. Apple Podcasts huitengeneza yenyewe tangu 2024 kwa baadhi ya lugha, Kiingereza kikiwemo. Kwa faili uliyoipakua, Whisper, programu huria ya OpenAI iliyotoka 2022, hufanya kazi hiyo kwenye kompyuta yako bila mtandao. Kasoro zake mbili zijue. Majina ya watu na studio huyaharibu, kwa hiyo ipe mwanzoni mstari wenye majina utakayoyasikia: mgeni, gemu, injini (programu inayoiendesha gemu), kampuni. Ya pili ni mbaya zaidi: penye kimya kirefu au muziki inaweza kubuni maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Usinukuu chochote kutoka kwenye nakala kabla hujasikia sehemu hiyo kwa masikio.

Mahojiano ya Wajapani kupitia mkalimani yanahitaji uvumilivu wa ziada. Mgeni huzungumza dakika nzima, mkalimani akatoa sentensi tatu. Zaidi ya hayo, Kijapani mara nyingi huacha kutaja mtendaji wa sentensi, kwa hiyo ile "mimi" au "sisi" unayoisikia mara nyingi ni makisio ya mkalimani. Kwa wageni hawa usijenge hoja ya nani alifanya nini juu ya kiwakilishi. Maandishi yaliyotafsiriwa kwa utulivu ni bora: mfululizo wa Iwata Asks, ambamo Satoru Iwata aliwahoji watengenezaji wa Nintendo, bado unasomeka kwenye tovuti ya kampuni hiyo, na tovuti ya Shmuplations imetafsiri mahojiano mengi ya magazeti ya zamani ya Japani.

Hifadhi

Vipindi hutoweka. Baadhi ya milisho, yaani orodha ambazo programu husoma ili kupata vipindi, huonyesha idadi fulani tu ya vipindi vya karibuni na kuvificha vya zamani, na podikasti ikifa, seva hufuata. Ukihamisha orodha yako kwa faili ya OPML, ujue inabeba anwani za podikasti tu, sauti haimo. Wengi wamefuta programu wakiamini wamehifadhi kila kitu. Nakili faili za MP3 zenyewe, uzipe majina yanayoanza na mwaka na mwezi, kisha mgeni, gemu na sehemu, ili zijipange zenyewe kwa tarehe. Kadi ziweke kwa jina la gemu badala ya jina la podikasti, kwa kuwa watu watatu walioitengeneza gemu moja watahojiwa sehemu tatu tofauti, na kauli zao zikikaa pamoja ndipo utakapoona zinapogongana.

Kadi ambayo hukuweza kuijaza mstari wa tano iandike "bado" kwa penseli juu, pamoja na tarehe. Usiitupe. Mtengenezaji mwenzake wa mgeni huyo akihojiwa mwaka ujao, toa zile za "bado" za gemu hiyo kabla ya kubonyeza, ziwe ndizo maswali yako matatu.